Dakika 38 za Nani? Shambulio la Unguja la 1896 na Uzembe wa Uhakiki

Utangulizi

Lipo jambo moja kuhusu historia ya Unguja ambalo hata asiyeijua Unguja hulijua: kwamba huko ndiko vilikopiganwa vita vifupi kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Vitabu vya rekodi hulichapa jambo hili baina ya mtu mrefu kuliko wote na boga kubwa kuliko yote. Vijitabu vya watalii hulirudia. Na, linalosikitisha zaidi, husikika pia katika kumbi za mihadhara ya fasihi ya Kiswahili, kwa sentensi moja na kicheko kidogo, kabla ya mhadhiri kuharakia mapinduzi ya 1964.

Makala haya yanashikilia mambo matatu. Kwanza, kauli kwamba vita vya Unguja vilichukua dakika 38 si taarifa tu bali ni utanzu wa masimulizi, wenye msimulizi wake, mwanzo wake, mwisho wake na hadhira yake. Pili, utanzu huo ulizaliwa juu ya sitaha ya manowari, na mtazamo wake ni wa mtu aliyesimama huko akiutazama mji. Tatu, mhakiki wa Kiswahili anayeurudia bila kuuhoji huwa anafanya kazi ya karani wa manowari ile, tena bila ujira. Suala hili ni la wanafasihi kabla ya kuwa la wanahistoria, kwani linahusu jinsi tukio linavyokatwa, linavyopewa jina na linavyohesabiwa. Na kukata, kutaja na kuhesabu ni mambo ya fani.

Tukio Lenyewe

Yaliyotukia yanajulikana vya kutosha. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash, mwana wa Sultani Barghash bin Said, kijana wa miaka 20 na ushei, aliingia kasrini na kujitangaza mrithi. Alikwisha kujaribu hivyo mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, akarudishwa nyuma. Tangu 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Waingereza walishikilia kwamba hakuna awezaye kutawazwa pasi na ridhaa yao. Chaguo lao lilikuwa Hamoud bin Mohammed. Balozi wao mkuu, Arthur Hardinge, hakuwapo kisiwani. Aliyekaimu nafasi yake alikuwa Basil Cave.

Tarehe 26 Cave alipata kwa simu idhini ya London ya kutumia nguvu. Kufikia siku hiyo manowari tano zilikuwa zimetia nanga mbele ya kasri: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, zote chini ya amri ya Admirali Harry Rawson. Khalid alipewa makataa: ifikapo saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera yake na kutoka kasrini. Saa tatu ilifika, bendera ikiwa bado juu. Dakika mbili baadaye mizinga ilianza kulia. Glasgow, meli ya Sultani iliyoundwa Scotland mwaka 1878 wakati wa Barghash, ilijibu kwa mizinga yake midogo, ikazamishwa hapo hapo bandarini. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani. Bendera ya kasri ilipoanguka, mizinga ikanyamaza. Watu wapatao 500 wa upande wa kasri, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja wa Thrush.

Huo ndio mwili wa kisa. Wapo wasemao dakika 38, wapo wasemao 40, na wapo wanaofikisha 45. Yafaa izingatiwe kwamba ubishi wenyewe, panapozuka ubishi, huwa ni juu ya dakika. Watu 500 hawabishaniwi. Wanaachwa wakae katika nambari yao ya mviringo, kana kwamba wao ni mandhari na saa ndiyo mhusika mkuu.

Mkato wa Mwanzo na Mkato wa Mwisho

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi hufunzwa kutofautisha muda wa tukio na muda wa usimulizi. Hufunzwa pia kwamba msimulizi ndiye aamuaye pa kuanzia na pa kukomea, na kwamba uamuzi huo una itikadi ndani yake. Ajabu ni kwamba elimu hii, inayotumiwa kwa bidii katika kuchambua riwaya, hutupwa kando mara inapokuja kauli ya dakika 38. Ni nani aliyeamua kwamba kisa hiki kianze mzinga wa kwanza ulipolia na kikome ulipolia wa mwisho? Ni yule aliyekuwa akiulisha mzinga. Kwake yeye kazi ilianza hapo na ikaishia hapo. Baada ya hapo alinawa mikono.

Mwanzo wa kisa ukisogezwa nyuma, ufupi wake hutoweka. Mwezi Agosti 1895, mwaka mmoja kabla ya Unguja, Rawson huyo huyo aliongoza kikosi kilichoivamia Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika bara ya Mombasa. Mwezi Februari 1897, miezi sita baada ya Unguja, Rawson huyo huyo aliongoza uvamizi wa Benin, mji ulioteketea na ambao hazina zake za shaba zilitawanywa Ulaya. Katika muda wa miezi 18 mkono mmoja uligonga milango mitatu ya Afrika. Ikiwa msimulizi atafungua ukurasa huko Mwele na kuufunga Benin, atapata simulizi ya aina gani? Hakika haitakuwa ya kuchekesha. Itakuwa simulizi ya mfumo uliokuwa ukitenda kazi yake kwa utaratibu, na dakika 38 zitaonekana kuwa sehemu ya ratiba.

Mwisho nao ukisogezwa mbele, hali huwa ile ile. Baada ya mizinga kunyamaza, maduka ya mtaa wa Wahindi yaliporwa na watu wakauawa katika uporaji huo. Askari 150 wa Kisikh wakaletwa kutoka Mombasa kutuliza mji. Khalid alikaa katika ubalozi wa Ujerumani hadi tarehe 2 Oktoba, wakati ambapo bahari ilijaa kiasi cha kuiwezesha mashua ya Kijerumani kumchukua mlangoni asikanyage ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam. Huko aliishi hadi 1916, Waingereza walipomkamata katika Vita Vikuu vya Kwanza na kumpeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli na St Helena. Aliruhusiwa hatimaye kurejea Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Yaani, mtu aliyeshindwa kwa dakika 38 aliendelea kushindwa kwa miaka 31. Milingoti ya Glasgow nayo ilibaki imechomoza majini mbele ya mji hadi mabaki ya meli yalipoondolewa mwaka 1912. Kwa miaka 16 kila aliyefika forodhani kupokea shehena au kumsindikiza msafiri aliiona. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa shambulio alibaleghe akiitazama. Kwa mtoto huyo vita vile vilidumu dakika ngapi?

Inafaa pia kuhoji neno lenyewe “vita”. Tangu 1890 Uingereza ilijitwika cheo cha mlinzi wa Unguja. Vita vina pande mbili. Mlinzi anapoipiga mizinga nyumba anayoilinda, Kiswahili kina maneno mengine ya kuliita tendo hilo. Fauka ya hayo, upande uliokuwa pamoja na Waingereza ulikuwa na askari wapatao 900 wa serikali ya Unguja yenyewe, chini ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali hiyo ya Sultani. Kuiita hali hiyo “Vita vya Uingereza na Zanzibar” ni kuipamba kwa adabu isiyostahili. Shambulio ni neno la haki zaidi.

Hesabu ya Risasi na Hesabu ya Watu

Kumbukumbu za shambulio hili zinatueleza kwamba manowari zilitumia makombora yapatayo 500, risasi 4,100 za bunduki za rashasha na 1,000 za bunduki za kawaida. Mhakiki anayezoea kusoma matini kwa makini hawezi kulipita jambo hili. Risasi za rashasha zimehesabiwa kwa mamia. Watu wamekadiriwa kwa jumla, na kuuawa kumechanganywa na kujeruhiwa katika fungu moja. Risasi zilihesabiwa kwa kuwa zilikuwa mali ya serikali na zilihitaji kutolewa hesabu. Watu hawakuwa mali ya serikali ile, wala hapakuwa na daftari lililowangoja.

Tofauti hii ya hesabu ni sifa ya kimtindo. Katika simulizi ya manowari kitu kina umbo na idadi, ilhali mtu wa kasrini hana jina, hana umri, hana kazi. Ni baharia mmoja tu wa Thrush anayejitokeza akiwa mmoja, kwa sababu alikuwa mmoja na alikuwa wao. Sarufi ya masimulizi hayo humpa umoja mshambuliaji na wingi mshambuliwa. Ucheshi wa kisa hukaa hapo hapo: hakiwezi kuchekesha isipokuwa wale 500 wabaki kuwa nambari. Apewe jina mmoja tu kati yao, mpishi aliyekuwa akipepea jiko au mwanamke aliyekuwa akiteremka ngazi, na kicheko kitakwama kooni.

Je, kuna matini inayoweza kuturudisha ndani ya nyumba zile? Ipo. Mwaka 1886, miaka kumi kabla ya shambulio, Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Salme alikuwa dada yake Barghash kwa baba, hivyo ni shangazi wa Khalid. Sehemu ya utoto wake aliishi Beit al-Sahil, na ameieleza nyumba hiyo kwa undani: ua uliojaa watu na wanyama, ngazi zenye msongamano, lugha nyingi zikisemwa kwa wakati mmoja. Kitabu chake husomwa aghalabu kama kisa cha binti mfalme aliyetoroka na Mjerumani, au kama dirisha la kuchungulia mambo ya ndani ya wanawake wa kasri. Kinaweza kusomwa vingine. Ni maelezo ya nyumba kabla ya kupigwa. Salme alikuwa hai ilipopigwa. Alifariki mwaka 1924. Anayekisoma akijua kwamba miaka kumi baadaye makombora yalitua juu ya majumba yale hatakisoma tena kwa macho yale yale.

Isidhaniwe kwamba kitabu hicho ni shahidi asiye na dosari. Salme anautetea utumwa bila haya, na watumishi wanaojaza ngazi zake wanaonekana kwa macho ya bibi wa nyumba. Hata hivyo wanaonekana. Hilo ni zaidi ya wanachopata katika simulizi ya dakika 38.

Zana Zilizomo katika Mapokeo ya Kiswahili

Mhakiki wa Kiswahili hana haja ya kuazima saa ya manowari ili kuupima mji uliopigwa. Mapokeo yake yana zana mbili ambazo ni kongwe na zimejaribiwa.

Ya kwanza ni kutaja vita kwa kusudi lake. Miaka michache kabla ya shambulio la Unguja, Wajerumani waliipiga na kuitwaa pwani ya Mrima, na Hemedi bin Abdallah el Buhriy akautungia mkasa huo utenzi. Anwani ambayo utenzi huo ulichapishwa nayo mwaka 1955 ni “Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima”. Yafaa isomwe polepole. Anwani haisemi vita hivyo vilichukua muda gani. Inasema ni vya nani na ni vya kutaka nini: ni vya Wadachi, na ni vya kutamalaki. Katika maneno machache umetajwa mtendaji, tendo na kitu kilichotendewa. Tuseme shambulio la 1896 lingetajwa kwa desturi hiyo, lingeitwaje? Lingeitwa shambulio la Waingereza la kuamua ni nani aketi katika kiti cha Unguja. Jina hilo ni refu na halitafaa kitabu cha rekodi, lakini lina maarifa ndani yake. “Vita vifupi kuliko vyote” hayana hata chembe.

Zana ya pili ni kuuliza walikokwenda wenyeji. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huyatazama magofu ya Pate na kuwaulizia waliokuwa wakiishi humo. Wahakiki wamelichambua swali hilo kwa miongo mingi kama suala la zuhudi na upitaji wa dunia. Hawajakosea. Lakini swali hilo pia ni mbinu ya uchunguzi: mbele ya nyumba iliyoanguka, la kwanza kuulizwa ni nani alikuwamo. Mji wa Unguja una nyumba zinazongoja kuulizwa hivyo. Baada ya shambulio, majengo ya kasri yaliyoathirika na mnara wa taa uliosimama mbele yake yalibomolewa. Palipokuwa na kasri la zamani pakafanywa bustani, na kasri jipya likajengwa mahali pa nyumba ya wanawake. Mgeni hupita hapo akipiga picha. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883 na kuponea chupuchupu mwaka 1896, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Msiba huo uliombolezwa, na ilikuwa haki uombolezwe. Ni nani amewaombolezea wa bustanini?

Zana hizi mbili zikiunganishwa huzaa uhakiki wenye meno: ya kwanza humtaka msimulizi aseme nani alitenda na kwa nini, ya pili humtaka aseme nani alitendewa. Kauli ya dakika 38 hukwepa yote mawili.

Hatari ya Kumtafuta Shujaa

Kuna wataosema kwamba dawa ya simulizi ya manowari ni simulizi ya shujaa: Khalid apandishwe jukwaani, avikwe joho la mpigania uhuru, na dakika 38 zigeuzwe utenzi wa ushujaa. Dawa hiyo ni sumu ya aina nyingine. Khalid alidai kiti cha baba yake. Hakudai uhuru wa watu wa Unguja. Waliokusanywa upande wake, ambao huhesabiwa kuwa takriban 2,800, walikuwamo walinzi wa kasri na raia wengi, lakini walikuwamo pia mamia ya watumishi na watumwa. Kati ya hao, ni wangapi walioulizwa kama wanataka kufa kwa ajili ya urithi wa ukoo mmoja? Mtumwa aliyeuawa na kombora la Kiingereza ndani ya nyumba ya bwana wake alipigwa mara mbili. Simulizi inayomfanya kuwa askari wa Khalid humpiga mara ya tatu.

Kwa upande wa pili wapo watetezi wa manowari wanaodokeza kwamba shambulio lile lilikuwa njia ya kuukomesha utumwa. Tarehe hazikubaliani nao kirahisi hivyo. Amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Hamoud bin Mohammed baada ya kuwekwa kitini, iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Lakini ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuomba uhuru wake, ilimlipa fidia mwenye mtumwa, na iliwaacha nje masuria, ambao walingoja hadi 1909. Mizinga iliyochukua dakika 38 kubomoa nyumba ya masuria ilifuatwa na sheria iliyochukua miaka kumi na zaidi kuwakumbuka. Anayetaka kuzungumzia kasi ya himaya ya Uingereza na azilinganishe kasi hizo mbili.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuonyesha kwamba njia ya tatu ipo. Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya 1969, hakumfanya kiongozi wa Maji Maji sanamu la kuabudiwa. Alimwonyesha akielemewa na neno ambalo watu walikuwa wamelichukua na kwenda nalo mbali. Adam Shafi, katika Kuli ya 1979, aliisimulia bandari ya Unguja na mgomo wa 1948 kwa mgongo wa mchukuzi. Bandari ni ile ile iliyozamisha Glasgow. Mtunzi aliyeweza kuitazama bandari hiyo kutoka chini ya gunia ameonyesha kwamba yawezekana kuitazama pia kutoka chini ya dari linaloanguka. Kinachohitajika ni mtazamo unaokataa kupanda manowarini na vilevile unaokataa kuketi kitini pa sultani.

Hoja Zinazotarajiwa

Itadaiwa, kwanza, kwamba hili ni jambo la idara ya historia. Dai hilo lingekuwa na uzito iwapo wanafasihi wangekaa kimya kuhusu 1896. Hawakai kimya. Wanaitumia kauli ya dakika 38 katika utangulizi wa mihadhara kama kiungo cha kuchangamsha wanafunzi. Atumiaye kiungo na awajibike kwa ladha yake.

Itadaiwa, pili, kwamba hakuna matini za kutosha, na kwamba mhakiki hawezi kuhakiki kimya. Hoja hii inatoka katika mazoea ya kuiona fasihi kuwa ni riwaya, tamthilia na diwani zilizochapishwa na zilizomo katika orodha ya mitihani. Ripoti za manowari ni matini. Kumbukumbu za Salme ni matini. Amri ya 1897 ni matini, na lugha yake inaweza kuchambuliwa kama lugha ya shairi lolote. Picha zilizopigwa za majengo yaliyobomoka ni matini. Uhakiki uliojifunza kusoma ngoma, vitendawili na majina ya leso hauna udhuru wa kushindwa kusoma hati ya makataa. Ama kuhusu kimya, Al-Inkishafi imekwisha kuonyesha kwamba kimya cha nyumba kinaweza kuwa ndiyo mada yenyewe.

Itadaiwa, tatu, kwamba kicheko hakimdhuru mtu, na kwamba watu wa pwani wenyewe ni mabingwa wa mzaha. Ni kweli kwamba mzaha ni fani kongwe ya pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutumia kama upanga. Lakini mzaha wa Muyaka ulielekezwa kwa mwenye nguvu au kwa hasimu aliyeweza kujibu. Mzaha wa dakika 38 unaelekezwa kwa watu 500 ambao hawawezi kujibu, na unatolewa kwa manufaa ya wale waliowafyatulia. Hauna undugu na mzaha wa pwani. Umeingia kwa meli.

Hitimisho

Inapasa idara za Kiswahili zifanye mambo ambayo yamo ndani ya uwezo wao, bila kungoja fedha za mfadhili. Kumbukumbu za Salme zisomwe sambamba na utenzi wa Hemedi katika kozi moja, ili mwanafunzi auone Mrima na Unguja katika muongo mmoja, nyumba na uwanja wa vita. Ripoti na amri za kikoloni ziingizwe darasani kama matini za kuchambuliwa kwa fani na itikadi, na zisibaki kuwa usuli wa kunukuliwa kwa imani. Wanafunzi wa uzamili wanaotoka Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja wapelekwe kwa wazee wao wakaulize kuhusu Mwele, kuhusu Khalid aliyezikwa ugenini, kuhusu milingoti iliyokaa majini miaka 16. Na watakachokipata, kiwe kingi au kichache, kiandikwe kabla wasimulizi wake hawajamalizika.

Na lipo jambo dogo zaidi linaloweza kuanza muhula huu huu. Tasnifu itakapoletwa ikiwa na sentensi isemayo kwamba vita vya Unguja vya 1896 vilikuwa vifupi kuliko vyote duniani, mtahini aizungushie wino mwekundu na kuandika pambizoni swali moja: “Vifupi kwa nani?” Mwanafunzi arudishiwe kazi yake, na asiruhusiwe kuendelea na sura inayofuata mpaka awe amelijibu.